Gundi Gani Haiogopi Maji?

Najua ukifungua ukurasa huu unategemea kusoma habari za UKIMWI, mimba za utotoni au minyoo. Leo tunazungumza habari za gundi. Ndiyo, gundi hii hii ya dukani. Usigeuze ukurasa kwanza, maana nina deni la kulipa.

Deni lenyewe nililipata katika shule moja ya sekondari upande wa Katoro, mkoani Geita. Klabu ya afya ya shule ile ilikuwa na ndoo ya kunawia mikono, ile yenye koki, iliyowekwa nje ya vyoo vya wasichana. Ndoo ilikaa juani zaidi ya mwaka mzima. Siku moja mtu akaigonga kwa bahati mbaya, ikapata ufa kuanzia kwenye koki mpaka karibu na kitako. Maji yote chini. Wanachama wa klabu wakaniuliza, "Dada, sasa tufanyeje?" Nami, niliyesoma kemia mpaka chuo kikuu, nikajibu bila hata kuigusa ile ndoo: "Si mnunue tu supa gluu mbandike?"

Wakachanga, wakanunua, wakabandika. Asubuhi ya kwanza ndoo ilishika maji na tukapiga makofi. Kesho yake ikaanza kudondosha. Siku ya tatu gundi yote ilikuwa imebanduka kama gamba la kidonda, na wasichana wanatoka chooni wanapita moja kwa moja kwenda kula makande. Wakanunua kichupa kingine. Safari hii msichana wa kidato cha pili alikuwa anajaribu kukifungua, akakiminya kwa nguvu, tone likamrukia jichoni. Akafumba. Kope zikashikana papo hapo. Wenzake, kwa huruma tu, wakaanza kumfumbua kwa vidole.

Jicho lilipona, na nitakueleza tulichofanya. Lakini ushauri mbaya ulikuwa wangu mimi. Sikuuliza ndoo ile imetengenezwa kwa kitu gani. Sikuuliza gundi ile inavumilia maji kwa muda gani. Kwa hiyo leo nakupa majibu ambayo ningewapa siku ile kama ningefikiri kabla ya kufungua mdomo.

ANGAVU SI SAWA NA ISIYOOGOPA MAJI

Watu wengi dukani huomba "gundi ile nyeupe kama maji", yaani gundi isiyo na rangi, ambayo ikikauka alama haionekani. Ni haki yako kutaka kitu kipendeze. Ukibandika kioo, hereni za shanga au fremu ya miwani, hutaki mstari wa rangi ya kahawia katikati. Tatizo ni kwamba tunadhani gundi ikiwa angavu kama kioo basi na maji nayo haiyaogopi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mfano uko porini kwetu. Wewe uliyechunga ng'ombe Kishapu au Meatu unaijua ile gundi inayotoka kwenye gome la mgunga. Inang'aa, ya dhahabu, nyingine karibu haina rangi, na wengi wetu tumeitafuna tukiwa malishoni. Gundi ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa ikipakwa kwenye stempu na bahasha kwa miaka mingi. Sasa itie kwenye kikombe cha maji usiku kucha. Asubuhi huikuti, imeyeyuka. Ni angavu, inashika karatasi vizuri sana, lakini maji ndiyo kifo chake. Ndiyo maana stempu unailamba ndipo inashika.

Gundi ya mbao nayo, ile nyeupe kama maziwa ambayo ikikauka inakuwa angavu, nyingi ni hivyo hivyo. Haiyeyuki upesi kama ya mgunga, ila ikilowa inalainika, inarudi kuwa nyeupe na inaachia. Kwa kiti cha ndani ni nzuri mno. Kwa kitu cha bafuni au cha kukaa mvuani, hapana. Zipo za mbao zilizotengenezwa kuvumilia maji, lakini lazima zimeandikwa hivyo.

Na hapo kwenye maandishi uwe macho. Boksi nyingi zina Kiingereza. Neno "waterproof" maana yake maji hayaiharibu hata ikikaa ndani yake. Maneno "water resistant" maana yake inavumilia matone, mvua kidogo, kufutwa kwa kitambaa kibichi, basi. Muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Usibishane naye, soma mwenyewe. Na kama boksi limeandikwa kwa lugha ambayo wewe na muuzaji wote hamuijui, mimi binafsi nairudisha kwenye shelfu.

GEUZA NDOO UONE KITAKO

Chukua ndoo yoyote au dumu la maji hapo ulipo, ulipindue. Chini mara nyingi utakuta pembetatu ya mishale na namba katikati. Ukikuta 2 au 4 hiyo ni poliethilini. Ukikuta 5 ni polipropilini. Madumu ya njano ya lita 20 kwa kawaida ni namba 2, na ndoo nyingi ni 2 au 5. Namba 1 ni chupa za maji ya kununua na soda, namba 3 ni PVC kama mabomba ya maji, namba 6 ni ile plastiki ngumu inayovunjika kwa mlio.

Namba 2, 4 na 5 hazitaki gundi. Si kwamba gundi ni feki (ingawa feki zipo). Ni tabia ya plastiki yenyewe. Dondosha tone la maji juu ya ndoo kavu, safi. Linajikunja, linakaa kama shanga, halitambai. Sasa dondosha tone jingine juu ya kioo kisafi, utaona linatambaa. Gundi ili ishike lazima kwanza itambae na kukilowanisha kitu, iingie kwenye vijishimo vyake vyote vidogo. Plastiki hizi zina ngozi kama nta, na gundi inafanya kama lile tone: inakaa juu tu, inakauka pale ilipo, halafu unaibandua kama utando wa uji. Mtakaofika kidato cha tano mchepuo wa kemia mtakutana na polima na mtaelewa zaidi.

Zipo gundi maalumu za plastiki hizi, zinazouzwa pamoja na dawa ya kupaka kwanza, lakini kwenye maduka ya kwetu ni adimu. Kwa hiyo kama ni ndoo au dumu, weka hela yako mfukoni. Dawa yake ni nyingine, nitaifikia.

SUPA GLUU: RAFIKI WA HARAKA

Supa gluu ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1942 huko Marekani, wataalamu walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea bunduki. Wakapata kitu kinachonata kila kinachokigusa, wakakasirika wakakiweka kando. Miaka mingi baadaye mtu akaamka: jamani, si hii ni gundi? Ikaanza kuuzwa mwaka 1958.

Kinachoigandisha ni unyevu. Hata ule mdogo kabisa ulio hewani au kwenye vidole vyako unatosha. Ndiyo sababu inashika ngozi kuliko kitu kingine chochote, na jicho, ambalo limelowa siku zote, ndilo linaloshikwa upesi zaidi. Ajabu ni kwamba maji hayo hayo, yakikaa siku nyingi kwenye kiungo, yanaidhoofisha polepole. Halafu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, haipindi. Kitu kinachopindapinda, mfano soli ya kiatu, kikipinda mara kadhaa gundi inakatika.

Ni nzuri kwa nini basi? Kwa kitu kidogo, kigumu, kinachokutana vizuri bila mwanya, ambacho hakikai majini. Kitasa cha redio. Kipande cha kaure. Jiwe la pete lililochomoka. Tone moja tu. Ukimwaga nyingi ndiyo inachelewa kushika. Miwani? Fremu unaweza, lakini toa lenzi kwanza, maana mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo na plastiki, na ukungu huo ukishaingia kwenye lenzi umejiharibia mwenyewe.

Mkono wa kikombe cha chai unaonekana ni kazi yake kabisa, na ninaomba usiifanye. Supa gluu ya kawaida hulegea kwenye joto la karibu nyuzi 80 za sentigredi, na chai iliyotoka jikoni inaweza kufika huko. Mkono utaachia siku umeshika kikombe kilichojaa, mapajani. Kikombe hicho kibandike kikawe cha kuwekea kalamu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: supa gluu ikikutana na pamba inachemka. Ukimwaga nyingi usikimbilie kuifuta kwa pamba au fulana, inaweza kupata joto la kukuunguza na hata kutoa moshi. Tumia karatasi ngumu au kipande cha nailoni. Na wale wanaoziba mipasuko ya kisigino na vidonda vidogo kwa supa gluu kwa sababu wamesikia madaktari nao wanatumia gundi: ni kweli hospitali zina gundi ya kufunga vidonda. Ni ndugu yake, lakini imetengenezwa tofauti isichome nyama, na haina vijidudu. Ya dukani inaunguza na inafungia uchafu ndani.

EPOKSI NA SILIKONI

Hizi mbili ndizo jibu la kweli la swali lako kama unataka kitu angavu kinachokaa majini.

Epoksi inakuja kwenye tyubu mbili. Wengi dukani wanaiita Araldite hata kama ni ya kampuni nyingine, kwa sababu jina hilo limekuwepo tangu miaka ya 1940. Tyubu moja ina utomvu, ya pili kigandishi. Unatoa kiasi sawa, unachanganya vizuri kwa kijiti mpaka mistari yote iishe, unapaka. Watu wanakosea wapi? Wanazidisha kigandishi wakidhani itakauka upesi. Haikauki upesi, inabaki inanata maisha yake yote. Ipo ya dakika 5 na ipo ya kusubiri saa nyingi. Ya kusubiri ndiyo inayovumilia maji zaidi. Hata hiyo ya dakika 5 inahitaji kama siku nzima kabla hujaitia maji. Inashika chuma, kioo, jiwe, mbao, kaure na shanga, na inajaza mianya ambayo supa gluu haiwezi. Juani inageuka njano baada ya muda, kwa hiyo kama unatengeneza mapambo ya kuuza mwambie mteja ukweli. Isikuguse ngozi mara kwa mara. Wapo watu ambao ngozi yao inaikataa, na ikishaikataa mara moja inaikataa siku zote: vipele, kuwashwa, kuvimba. Vaa hata mfuko wa nailoni mkononi.

Silikoni ni ile ya kwenye bomba refu inayokamuliwa kwa bunduki yake, mafundi wa madirisha ya alumini wanaitumia. Ipo angavu. Nyingi zikiwa zinakauka zinanuka siki, fungua madirisha. Yenyewe inaganda kwa unyevu wa hewa, taratibu, kuanzia nje kwenda ndani. Pako nene pengine siku mbili. Ikiganda inakuwa kama mpira, inapinda, inanyooka, na maji hayaifanyi kitu. Tangi la samaki la vioo linashikwa na silikoni tupu. Kama klabu yenu ya baiolojia inataka tangi la kufugia sato wadogo, hiyo ndiyo gundi yenu. Ila soma boksi: silikoni za bafuni mara nyingi zimetiwa dawa ya kuua ukungu. Hizo si za tangi la samaki wala chombo cha maji ya kunywa. Tafuta iliyoandikwa kuwa inafaa kwa samaki, au kwa chakula.

Na hii inatumika kwa gundi zote. Isiyoogopa maji si lazima iwe salama kwa maji ya kunywa. Kama chombo ni cha kunywea na gundi haijaandikwa kuwa inafaa, paka upande wa nje tu, au kigeuze chombo kiwe cha kunawia au kumwagilia bustani.

ZA MAFUNDI

Fundi baiskeli wa Shinyanga anatumia solusheni. Pancha inakwanguliwa kwa msasa, inapakwa, inaachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo kiraka kinakandamizwa. Kwa mpira hakuna inayoishinda majini. Lakini ni ya mpira, usiipeleke kwenye ndoo.

Fundi bomba ana Tangit na zinazofanana nayo. Hiyo inalainisha PVC yenyewe na kuzifanya pande mbili kuwa kitu kimoja. Ni ya namba 3. Kwenye dumu la namba 2 haifanyi lolote.

Halafu kuna gundi ya viatu, ya kopo, ya manjano au kahawia. Si angavu, lakini inavumilia maji na inapinda, kwa hiyo raba zako ndiyo inazozitaka. Hapa ninataka tukae kidogo, maana ndiyo gundi yenye matatizo makubwa kuliko zote.

Nyingi zimeyeyushwa kwa kimiminika kinachoitwa toluini au vinavyofanana nacho. Mvuke wake unawaka moto kama petroli. Mwanafunzi anayebandika viatu usiku bwenini, mshumaa au koroboi pembeni ili aone, anacheza na moto wa bweni zima. Bandika mchana, nje. Mvuke huo huo ndio ambao watoto wa mitaani wanaunusa kwenye chupa, utawaona Mwanza, Kahama, hata stendi zenu. Wanakuambia unaondoa njaa na baridi. Unachofanya ni kuuzubaisha ubongo na, kwa muda, kuuharibu, pamoja na figo na ini. Na moyo unaweza kusimama ghafla, hata kwa mtu aliyenusa mara ya kwanza. Nimekutana na vijana wa karasha ambao walianza kwa "kujaribu tu" wakiwa na umri wako. Siwacheki na wewe usiwacheke. Kama ni rafiki yako, mpeleke kwa mtu mzima unayemwamini, na mkimkuta amezidiwa msimkimbize wala kumshtua, maana mshtuko ndio unaoweza kuusimamisha moyo. Mtoeni kwenye hewa safi, kaeni naye, tafuteni msaada.

NDOO INAZIBWA KWA NDOO

Sasa turudi kwenye ndoo yetu. Baada ya kushindwa mara mbili niliibeba kichwani mpaka sokoni, kwa mzee mmoja anayeziba ndoo na madumu chini ya mwembe.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Nani amepaka uchafu huu?"

Nikakiri. Akakwangua supa gluu yote kwa wembe, hasemi neno. Halafu akachukua msumari wa moto akatoboa tundu dogo mwisho kabisa wa ufa. Nikauliza kwa nini anaongeza tundu kwenye ndoo inayovuja. "Ufa una miguu," akasema. "Usipouwekea shimo unaendelea kutembea." Fizikia hiyo, mwenzangu, sikuipata darasani. Kisha akachagua kipande kwenye rundo la ndoo zilizokufa. Akakigongagonga, akakikunja, akakitupa, akachukua kingine. Anatafuta plastiki ya aina moja na ndoo, maana namba 2 na namba 5 haziungani vizuri hata kwa moto. Akaweka kisu jikoni, akayeyusha kingo zote mbili kwa pamoja, akalaza kiraka, akakandamiza. Nusu saa, kazi imekwisha, na bei ilikuwa ndogo kuliko vile vichupa viwili.

Kama utajaribu mwenyewe, fanya nje upepo ukiwa mgongoni, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Plastiki namba 3 usiiguse kwa moto kabisa, moshi wake unaunguza mapafu.

Na kuna madumu ambayo hayazibwi. Kwenye machimbo, kuanzia Nyarugusu mpaka Kakola, dumu ndiyo kila kitu: linabeba dizeli ya karasha, petroli ya pampu, na kemikali za kwenye mialo. Dumu lililokuwa na petroli, hata likikauka kwa macho yako, ndani bado lina mvuke. Kisu cha moto kikigusa, linalipuka. Na dumu au beseni lililotumika kwa zebaki au sayanaidi halisafishiki kwa sabuni na mchanga. Linauzwa rahisi gulioni, na mama anafurahi kupata chombo. Usilizibe, usilichotee maji, wala usimpe mtu mwingine. Kama huijui historia ya dumu, usilinywee.

Najua shida ya vyombo. Wenzetu wa Shinyanga mjini na Kahama wanapata maji ya Ziwa Victoria kwa bomba kutoka Ihelele, mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Lakini vijijini wengi bado maji ni kichwani au kwenye keria ya baiskeli, na dumu moja likipasuka ni safari moja zaidi kila siku, mara nyingi ya binti. Liweke kivulini. Jua ndilo linalokausha plastiki mpaka inapasuka kwa kugongwa kidogo, kama ile ndoo yetu.

ILE SIKU YA JICHO

Tuliwazuia wenzake kwanza. Kope zilizoshikana hazivutwi, unaweza kuchana ngozi na kioo cha jicho. Tukamwosha kwa maji safi ya uvuguvugu, taratibu, kwa muda mrefu, akiinamisha kichwa upande. Tukafunika jicho kwa kitambaa safi kilicholowa, na yeye na mwalimu wake wakapanda bodaboda kwenda hospitali. Daktari hakutumia nguvu. Mara nyingi kope huachana zenyewe kati ya siku moja na siku nne, kwa sababu machozi na ngozi vinaisukuma gundi itoke. Lakini kwenda hospitali ni lazima, maana gundi kavu inaweza kukwaruza jicho kwa ndani.

Usitie asetoni, yaani dawa ya kufutia rangi ya kucha, karibu na jicho, mdomo au kidonda. Vidole vikishikana, viloweke kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni, halafu viachanishe kwa kuzungusha mpini wa kijiko katikati, usivute. Hapo asetoni kidogo inaruhusiwa. Midomo ikishikana, maji ya uvuguvugu kwa nje na mate kwa ndani.

Jambo moja dogo linalosababisha ajali hizi sehemu nyingi duniani: kichupa cha supa gluu kinafanana na kichupa cha dawa ya macho. Watu wamejidondoshea gundi usiku wakidhani ni dawa. Nyumbani kwenu kama kuna bibi anayetumia dawa ya macho, supa gluu isikae kwenye kabati lile, hata kwa siku moja.

JARIBIO LA BILAURI

Kabla ya kupaka gundi kwenye kitu chako, ijaribu. Chukua vipande viwili vya kitu kile kile, kioo kwa kioo au mbao kwa mbao. Osha mafuta na vumbi kwa sabuni, kausha kabisa, kwangua kwa msasa ili gundi ipate pa kushika. Paka kidogo, bana kwa kibanio cha nguo au funga kwa mpira, acha saa 24. Halafu tumbukiza kwenye bilauri ya maji siku nzima, vuta. Kazi nyingi za gundi zinazoshindikana zinashindikana kwa uchafu na haraka, wala si kwa gundi.

Tulilifanya hili na klabu ile ile, bilauri sita dirishani, kila moja na karatasi ya jina la gundi. Ya mgunga ilikwisha kabla ya kengele ya chakula. Ya mbao ilifuata. Supa gluu kwenye kioo ilikaa siku ya kwanza, tukaiacha, ikaachia katikati ya wiki iliyofuata. Epoksi na silikoni zilikuwa bado zimeshika tulipochoka kusubiri. Ya sita ilikuwa supa gluu kwenye kipande cha ndoo, na hiyo hatukuihitaji hata kuitia maji, ilibanduka mkononi. Yule msichana wa kidato cha pili ndiye aliyeshika daftari la matokeo, amevaa miwani ya maabara muda wote.

Ukifanya jaribio hili shuleni kwenu tuandikie: gundi gani, kitu gani, siku ngapi. Anuani iko ukurasa wa nyuma. Barua zitakazotaja namba ya plastiki zitatangulia kuchapishwa.